Chipu ya Mizani

"Ukibonyeza hicho kitu, Kipkemboi, wewe ndiwe utatoka nje uwaambie. Si mimi."

"Mama Ashley, nimekuambia chipu imekufa. Maiti haibembelezwi."

"Jana jioni ilikuwa inapima trela za watu. Maiti gani inalala nzima na kuamka imeoza?"

"Hata binadamu hufa hivyo hivyo."

"Binadamu ana presha. Hii ina nini?"

Kipkemboi aliondoa mkono kwenye kibodi akajipangusa shingo kwa leso. Alikuwa ofisa wa kompyuta wa kiwanda, kijana mrefu aliyezaliwa Likuyani kwenye mahindi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini subira yake ilikuwa imemwishia tangu asubuhi. Milcah, ambaye wengi walimwita Mama Ashley kwa jina la mtoto wake, alikuwa karani mkuu wa kituo kile cha mizani, kijumba cha mabati chenye dirisha la wavu na nondo kando ya barabara ya Malava, ambapo miwa ya wakulima ilipimwa kabla ya kupelekwa kusagwa. Kijumba chenyewe kilikuwa cha kumtosha mtu mmoja na nusu. Leo kilikuwa na watu watatu, joto, na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa juu ya kitu kidogo kuliko ukucha. Ndani ya kompyuta ya mizani mlikuwa na chipu ya usalama, na ile programu ya kupimia miwa haikufunguka mpaka chipu hiyo ishuhudie kwamba mashine hii ndiyo ile ile iliyosajiliwa kiwandani, haijabadilishwa wala kuibwa. Leo asubuhi Milcah alipowasha, programu ilimjibu kwamba kifaa cha usalama hakipatikani. Kisha ikajifunga. Kwenye orodha ya vifaa vya mashine, kando ya jina la chipu, palisimama alama ya njano yenye mshangao katikati. Kipkemboi alikuwa ameikodolea macho hiyo alama mpaka na yake yakaanza kuwa ya njano.

"Niambie tena," Milcah alisema. "Nikikuacha uifute hiyo chipu, nini kinatokea?"

"Inakuwa mpya. Inasahau kila kitu, tunaanza upya."

"Inasahau na usajili."

"Na usajili, ndiyo. Mtu wa usajili anatoka makao makuu, anakuja Jumatatu anaandikisha upya."

"Leo ni siku gani?"

Wote walijua ni Ijumaa.

"Basi hujaniponyea mashine," Milcah alisema. "Umeniulia Kukhu Risper."

Kukhu Risper, nyanya aliyekuwa akiitwa hivyo na kila mtu kuanzia hapo mpaka Butali, alikuwa amekaa nje juu ya debe lililopinduliwa, kwenye kivuli cha trela yake. Trela yake ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Ilifika kabla jua halijachomoza, nyeusi tii, ikitoa harufu ya sukari iliyoungua. Shamba lake lilikuwa limeshika moto Jumatano, na moto wa miwa hauna adabu: ulianzia kwa jirani ukaruka mfereji, ukamaliza shamba zima kabla watu hawajafika na matawi. Lilikuwa shamba lake la pekee, na miwa ile alikuwa ameilea mwaka na nusu.

Muwa ulioungua haungoji. Maji yake huanza kuchacha, na siku ya tatu ikishapita kiwanda hakiupokei tena hata ukiupigia magoti. Kiwanda hakikuwa na huruma hapo, kwa kuwa kulikuwa na watu waliojichomea wenyewe ili wakatiwe mapema kuliko zamu yao. Lango la miwa iliyoungua lilifungwa jua likizama. Na lango halikupokea trela isiyo na tiketi ya kituo. Basi hesabu ilikuwa fupi: mizani ipone leo, au miwa ya Risper imwagwe mtaroni iwe chakula cha nyuki.

Dirishani kilitokea kichwa cha Oduor, dereva wa trekta la Risper, kofia imegeuzwa nyuma.

"Mama Ashley, si uandike tu na kalamu? Kalamu haina chipu."

Kabla Milcah hajafungua mdomo, foleni nzima ilimjibu kwa niaba yake.

"Kalamu hapana!"

"Kalamu ilinilia tani yangu, mpaka leo haijatapika!"

"Wewe Oduor unatumwa na nani? Miwa ni ya babako?"

"Nimeuliza tu, jameni," Oduor alisema, akarudisha kichwa.

Wakulima hao hao ndio waliokaa barabarani miaka michache iliyopita, wamelaza majembe kwenye lami, wakidai tiketi za mkono zikomeshwe kwa sababu makarani walikuwa wakiwanyoa uzito. Walishinda. Kiwanda kikaleta kompyuta, na kikaapa kwamba tiketi iliyoandikwa kwa mkono haitapita langoni tena, hata iwe imeandikwa na askofu. Milcah aliajiriwa kituoni wiki ile kompyuta ilipoletwa, na diploma yake ya chuo, na mdomo wake.

"Hebu tuanze mwanzo," alimwambia Kipkemboi, akivuta kiti cha pili. "Pole pole, kama unamfundisha mtoto. Umefanya nini mpaka sasa?"

"Mama, nimefanya yote."

"Yote yana majina. Yataje."

Kipkemboi alishusha pumzi. Kwanza, alisema, aliizima mashine na kuiwasha. Pili, aliingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia kila kitu mashine inapoamka, akaikuta chipu ipo na imewashwa.

"Simama hapo. Ulisema imekufa."

"Ipo, lakini haiongei. Mgonjwa aliyezimia naye yupo kitandani."

"Endelea."

Tatu, aliondoa draiva, ile programu ndogo inayoifunza kompyuta kuongea na kifaa chake. Draiva ikajirudisha yenyewe na alama ya njano ikarudi nayo. Akaiondoa tena, ikarudi tena. Nne, alitafuta draiva halisi ya kampuni iliyounda mashine, akaishusha kwa simu yake akiwa amesimama juu ya meza kwa sababu mtandao wa pale ulipenda watu warefu.

"Nilipoiweka, mashine ikakataa. Ikasema iliyo nayo ni mpya zaidi."

"Mpya zaidi?"

"Ndiyo."

"Imetoka wapi hiyo mpya?"

"Kompyuta hujisasisha zenyewe siku hizi."

"Hii inaonanga mtandao jioni tu, ikituma uzito wa siku kiwandani. Kisha inalala. Na jana jioni stima ilipotea kabla haijatuma. Sasa ilijisasisha kwa kutumia nini, maombi?"

Kipkemboi aliinua mabega. "Nimeshamuuliza kila mtu hapa kama kuna aliyeigusa. Mmesema hakuna."

"Mimi nimesema mimi sijaigusa," Milcah alisema, "na Wandera akasema..." Alikoma. Aligeuka akatazama mlangoni.

Wandera, karani msaidizi, alikuwa anaingia na birika la chai na vikombe vitatu kwenye sinia. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto anayetambaa. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, mwenye sauti nene na mikono isiyopenda kazi za jikoni. Asubuhi hiyo alikuwa amefagia ofisi, akapangusa dirisha, akamwagilia maua ambayo hakuna aliyejua kama yana mwenyewe, na sasa alikuwa ameleta chai. Milcah alikuwa amefanya naye kazi misimu miwili na hajawahi kunywa chai ya mkono wake.

"Karibuni chai," Wandera alisema, bila kumtazama mtu.

Milcah alikuwa amelea watoto wawili. Alijua kwamba mtoto akifagia nyumba yote bila kutumwa, utafute kikombe kilichovunjika.

Kabla hajasema kitu, Kukhu Risper alikuja dirishani, ameshika kipande cha muwa uliomenywa. Aliupitisha kwenye tundu la wavu, vidole vyake vimejaa masizi.

"Mulembe, mama," alimsalimu. "Onja."

"Kukhu, niko kazini."

"Onja tu. Bado ni tamu. Watu huko nyuma wanasema imeshaoza, wanasema nilichoma mwenyewe. Mimi nichome mwenyewe nikiwa na akili gani? Wewe onja, uwaambie."

Milcah aliutia mdomoni. Utamu ulikuja, mzito, wenye moshi. Kisha mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, kulikuwa na kitu kama uji wa jana. Alimeza.

"Ni tamu, Kukhu."

"Si nilisema?"

"Nenda ukae. Jua ni kali."

Risper alirudi kwenye debe lake taratibu. Milcah aliinuka, akachukua ile sinia kutoka mikononi mwa Wandera na kuiweka juu ya kabati.

"Wewe, mwalimu. Njoo unionyeshe lile tanki la maji limevujia wapi."

"Tanki halijavuja."

"Njoo unionyeshe ambapo halijavujia."

Nyuma ya kijumba palikuwa na tanki, magugu, na harufu ya dizeli. Milcah hakuzunguka.

"Uliweka nini kwenye mashine?"

"Mimi? Sijaweka—"

"Wandera. Umeleta chai."

Wandera alitazama viatu vyake. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekosa sauti.

"Sina saa ya kukubembeleza," Milcah alisema. "Kijana wa watu anataka kuifuta chipu. Akishaifuta, hakuna kupima mpaka Jumatatu. Jumatatu miwa ya Kukhu ni siki. Uliweka nini?"

"Flashi," Wandera alisema kwa sauti ndogo. "Jana. Ulipoenda kula."

"Ya nini?"

"Ile video ya mazoezi. Ya mashindano ya kwaya. Si unajua mashine ilikuwa imekataa kutoa sauti? Picha inaonekana, watu wanafungua midomo, lakini kimya. Nikaenda kwa yule wa kuuza vifaa pale stendi ya Kakamega, nikamwambia shida. Akaniambia hiyo ni draiva ya sauti imepotea, akanipa flashi. Akasema ina draiva za kila kitu, nikiweka itajitafutia yenyewe. Nikabonyeza pale palipoandikwa weka zote."

"Zote."

"Zote. Sauti ikarudi, Mama Ashley. Ikarudi vizuri sana. Nilisikia hadi soprano yule anayekosea."

Milcah alifumba macho. Aliiona sasa kama mtu anayetazama kisima chenye maji safi. Flashi ya stendi haikuleta sauti peke yake. Ilipita kila kifaa ndani ya mashine ikikivua nguo yake na kukivika ya mtumba, ya mashine nyingine kabisa, na ilipofika kwenye chipu ikafanya vivyo hivyo. Jana jioni mizani iliendelea kupima kwa sababu programu ilikuwa imeshafunguliwa; leo ilipowashwa upya ndipo chipu ilipoulizwa tena. Chipu haikufa, ila iliwekewa mkalimani asiyejua lugha yake. Na yule mkalimani alikuwa na tarehe mpya kuliko ya mwenyewe, ndiyo maana kila alipofukuzwa alirudi.

"Mbona hukusema asubuhi? Mtu amesimama juu ya meza na simu, wewe unamwagilia maua!"

"Ningesemaje? Tangazo liko ukutani pale. Anayeweka flashi kwenye kompyuta ya mizani anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Na mimi ni wa msimu, hata barua ya kuniachisha hawataniandikia. Watanipungia mkono tu." Aling'oa gugu moja. "Na halafu, Mama Ashley, usikasirike. Si wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Wiki iliyopita. Tulikuwa tunaangalia ile video wakati wa chakula, ukacheka, ukasema, Wandera, kwaya yako ni ya mabubu, hebu itafutie dawa. Mimi nikaitafutia."

Jambo hilo Milcah alikuwa amelisahau kabisa. Lakini aliposikia, alijisikia mwenyewe akilisema, mdomo umejaa githeri, akicheka. Alilisema. Na zaidi ya hapo, tangu kabla sauti haijapotea alikuwa akijua kwamba mashine ya mizani inageuka kuwa redio ya kwaya saa ya chakula, na hakukataza, kwa kuwa nyimbo zilimpendeza na mchana wa kituo ulikuwa mrefu.

Tangazo la ukutani alilijua vizuri kuliko Wandera, kwa sababu ndiye aliyelibandika. Mstari wa chini ulisema kwamba flashi ikionekana, karani mkuu wa kituo naye atawajibika. Milcah hakuhitaji mkalimani wa neno lile. Karani wa kituo kingine alikuwa amewajibika mwaka jana, na sasa alikuwa anauza nyanya sokoni Lubao. Nyumbani kwake Milcah, Phanuel mumewe alikuwa mwashi aliyepata kazi mvua ikipenda. Ashley alikuwa kidato cha tatu. Mshahara wa mizani ndio ulioshika paa.

"Tunaweza kumwambia tumefikiria tu," Wandera alinong'ona, kana kwamba ameyasoma mawazo yake. "Mwambie ajaribu draiva nyingine. Tusitaje flashi."

"Akiuliza tumejuaje?"

"Tuseme ni stima. Stima ilipotea jana, si ni kweli? Stima inabebanga lawama zote Kenya hii."

Lilikuwa jambo la kufikirika, na Milcah alilifikiria, kwa kadiri ya mtu kufunga kamba ya kiatu. Kisha alilisukuma mbali. Kipkemboi alikuwa ameshaiondoa ile draiva mara mbili bila kufaulu. Angeambiwa aiondoe mara ya tatu kwa sababu ya stima, angecheka. Fundi ambaye hajaambiwa mgonjwa amekula nini hutibu njaa. Mficha uchi hazai, na hapa si yeye ambaye angekosa mtoto, ni Risper.

Alikuwa bado hajafungua mdomo aliposikia sauti ya Kipkemboi ndani, akiongea kwa simu. "Ndiyo, bwana mkubwa... Ndiyo. Nimejaribu kila njia... Sawa, nimekuelewa. Naifuta."

Milcah alikimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia. Sketi ya ofisi ilimkataza na umri ulimshauri, lakini alizunguka tanki na kupita magugu na kugonga goti kwenye kona ya bati, na wenye trela wakageuka kumtazama. Oduor akapiga honi kwa mshangao.

Alipoingia mlangoni, mashine ilikuwa imeshazimwa na kuamka upya. Kioo kilikuwa cheusi, na juu ya weusi ule maandishi meupe. Milcah aliyasoma akiwa mbioni. Mashine ilikuwa inasema kwamba mtu ameomba chipu yake ya usalama ifutwe; kwamba ikifutwa, funguo zote zilizowekwa humo zitapotea na hazitarudi; kwamba anayekubali abonyeze F12, na anayekataa abonyeze Esc. Chini yake hapakuwa na kitu kingine. Mashine ilikuwa inangoja.

Kidole cha Kipkemboi kilikuwa juu ya F12.

"Mkubwa ameidhinisha," alisema bila kugeuka. "Samahani, Mama Ashley. Hata mimi namwonea huruma yule nyanya."

Wandera alikuwa amefika mlangoni, anahema. Dirishani, nje ya wavu, Kukhu Risper alikuwa amesimama tena, amevutwa na mbio za Milcah, mikono yake miwili imeshika nondo za dirisha.

"Imepona?" aliuliza.

Milcah alipitisha mkono wake chini ya kwapa la Kipkemboi, kama anavyopita mama kumpokonya mtoto kisu, akabonyeza Esc.

Kioo kilipepesa. Maandishi meupe yakapotea, na mashine ikaanza kuamka kama kawaida yake.

"Umefanya nini?" Kipkemboi aliruka kwenye kiti. "Umefanya nini wewe? Nina amri ya mkubwa!"

"Nimekataa. Keti."

"Sitaketi! Unajua nitaulizwa—"

"Kulikuwa na flashi," Milcah alisema.

Kule nje mtu aliyekuwa akipiga mluzi aliacha.

"Jana mchana," aliendelea, kwa sauti ile ile anayotajia uzito wa trela. "Flashi ya stendi, yenye draiva za kila kitu. Tulitafuta sauti, ikabadilisha mashine nzima. Ofisi ni yangu, neno la kutafuta sauti lilitoka mdomoni mwangu, na kwaya ilikuwa inaimba humu kila siku nikisikiliza. Chipu yako si maiti. Imevalishwa draiva ya mashine nyingine."

Wandera alisogea hatua moja ndani. "Aliyeibonyeza ni mimi," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa imerudi.

Kipkemboi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Uso wake ulipita rangi kadhaa.

"Tangu asubuhi," alisema polepole. "Tangu asubuhi nimepanda meza kama mbuzi. Nimetumia bando langu lote. Nimeuliza hapa, kwa Kiswahili, nani ameigusa hii mashine. Mkaniletea chai!"

"Tukana baadaye. Nitakaa chini unitukane vizuri. Sasa niambie, ukishajua hivyo, kuna njia?"

Alitaka kuendelea kutukana, ilionekana wazi. Lakini alikuwa fundi kabla ya kuwa mtu aliyekasirika, na macho yake yalikuwa yameshaondoka kwao yakarudi kwenye kioo.

"Ndiyo maana ilikuwa inarudi," alijisemea. "Nilikuwa naitoa mlangoni, imejificha stoo." Akaketi. Akafungua orodha ya vifaa, akafika penye alama ya njano, akachagua kuiondoa draiva kama alivyofanya asubuhi. Kikatokea kile kidirisha kidogo cha kuuliza kama ana hakika. Safari hii hakukikimbilia. Chini ya swali palikuwa na kisanduku kitupu kinachouliza kama afute pia draiva yenyewe kutoka ndani ya mashine, isibaki akiba. Asubuhi alikipita. Sasa alikitia alama.

"Ikiwa mmenidanganya tena..."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Jina la chipu likatoweka kwenye orodha pamoja na alama yake. Akaiamuru mashine itafute upya vifaa ilivyo navyo. Mashine ikafikiri. Feni ikavuma. Milcah alihisi damu ikimtoka gotini na hakuinama kuitazama. Wandera alikuwa anatembeza midomo, labda anaomba, labda anahesabu mapigo. Jina la chipu likarudi kwenye orodha.

Lilirudi peke yake.

"Haina njano," Wandera alisema.

"Nina macho," Kipkemboi alisema, akafungua programu ya kupimia. Programu ikazungumza na chipu, chipu ikaijibu. Ukurasa ukafunguka, mweupe, mtupu, unangoja nambari ya trela.

Hakuna aliyeshangilia. Kipkemboi alijiegemeza kwenye kiti akamtazama Milcah.

"Unajua nitaandika," alisema. "Kilichotokea, na majina. Sitaweza kumwambia mkubwa chipu ilifufuka."

"Andika."

"Hili la flashi si dogo. Wanaweza kukuita leo leo."

"Wanaweza. Andika jina langu mbele ya la Wandera, maana ndivyo tunavyofuatana humu ndani. Na uandike na kile kisanduku ulichokipita asubuhi, usije ukatulaumu sisi peke yetu." Alishika mgongo wa kiti. "Lakini hiki ni kiti changu mpaka aje mtu kunitoa. Inuka."

Kipkemboi aliinuka.

Milcah aliketi, akavuta kibodi karibu, akaandika nambari ya mkulima aliyoijua kwa moyo. Nje ya wavu, Kukhu Risper alikuwa bado ameshika nondo, haelewi yote aliyoyasikia, ila ameelewa kwamba watu wameacha kupiga kelele.

"Kukhu, toka hapo dirishani, trekta lisikukanyage," Milcah alisema. "Oduor! We Oduor, umelala? Panda mizani!"

Trekta lilinguruma likatoa moshi. Magurudumu ya mbele yakapanda chuma cha mizani, kisha ya nyuma, kisha trela yenyewe ikapanda ikilia na mzigo wake mweusi, masizi yakidondoka. Tarakimu zikakimbia kwenye kioo, zikapunguza mwendo, zikasimama. Milcah aliisubiri mizani hadi itulie kabisa, kama alivyowasubirisha wote siku zote. Akabonyeza. Printa ikatema tiketi, naye akaichana akaipitisha kwenye tundu la wavu.

"Kimbiza, jua linashuka," alimwambia Oduor. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye foleni. "Wa pili!"